DNA si chembechembe, ni uzi uliokunjwa

Kwa Mhariri,

Kila panapozuka kesi ya matunzo ya mtoto, mvutano kuhusu nani ana haki ya kumzika marehemu, au mkasa ambao miili haitambuliki tena kwa sura, magazeti yetu ya Kiswahili huandika kwamba "chembechembe za DNA" zimechukuliwa ili zikapimwe. Nimeyakuta maneno hayo mara nyingi hata katika gazeti lako, ninalolisoma ndani ya matatu kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika shule ya upili ya kutwa huku Eastlands, Nairobi, na kila mwaka ninapofika mada ya urithi katika Kidato cha Nne hulazimika kutumia kipindi kizima kuyaondoa maneno hayo vichwani mwa wanafunzi kabla sijaweza kuwafundisha lolote. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze kwa nini jambo hili si dogo.

Chembe, kwa Mswahili yeyote, ni kipande kidogo kilichojitenga: chembe ya mchanga, chembe ya mchele, chembe ya ngano. Ukiambiwa kwamba mwilini mwako mna chembechembe fulani, unapata picha ya vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika kama unga. Ubaya zaidi ni kwamba neno lilo hilo tunalitumia kwa seli za damu tunapotaja chembe nyekundu na chembe nyeupe, kwa hiyo anayesoma kwamba chembechembe za DNA zilitolewa kwenye damu hana njia ya kujua kama anaelezwa habari za seli au habari za kitu kilichomo ndani ya seli. Neno vinasaba, ambalo wenzetu wa Tanzania wanalipenda, lina uzuri wa kukumbusha nasaba, lakini umbo lake nalo linadokeza vitu vidogo vingi. Msimbojeni linataja ujumbe, halikitaji kitu kilichoubeba ujumbe huo. Na kitu chenyewe, Bwana Mhariri, ni uzi. Katika kila kromosomu, yaani kila moja ya mafungu ambamo DNA ya seli imegawanywa, mna uzi mmoja mrefu usiokatika kutoka ncha hadi ncha, na namna uzi huo ulivyokunjwa ndani ya kiini cha seli ni sehemu kubwa ya kazi unayoifanya. Anayewazia chembechembe hawezi kuuliza habari za mikunjo, kwa sababu chembe haikunjwi.

Sipendi wanafunzi waniamini kwa mdomo tu. Huwaomba walete ndizi mbivu, tukaiponda, tukaichanganya na maji yaliyotiwa chumvi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tukachuja kwa kitambaa safi, kisha tukamimina juu yake, polepole na kwa kufuata ukingo wa glasi, spiriti iliyokuwa imelala kwenye friji ya jikoni ya shule. Sabuni huvunja utando wa seli na utando wa kiini kwa sababu tando hizo zimejengwa kwa mafuta, nayo huyaondoa kama inavyoyaondoa kwenye sufuria. Chumvi hupunguza nguvu ya chaji za umeme zinazoufanya uzi ujisukume wenyewe kwa wenyewe, na spiriti huunyima uzi uwezo wa kuendelea kuyeyuka. Baada ya dakika chache, pale vimiminika viwili vinapokutana, hutokea kitu cheupe chenye utelezi. Mwanafunzi akichovya kijiti na kukizungusha taratibu, kitu hicho hujizongazonga kwenye kijiti na kupanda nacho kikivutika. Wanachokiona ni nyuzi zisizohesabika zilizoshikana, kwani uzi mmoja ni mwembamba mno kuonekana kwa macho, lakini tangu dakika hiyo hakuna anayeniambia tena kwamba DNA ni chembechembe. Unga hauzongwi kijitini.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayofaa sana hapa, nayo hayafanani. Kusuka ni kupitanisha mafungu, aghalabu matatu, kama nywele au ukili zinavyosukwa. Kusokota ni kuzungusha nyuzi mbili zikashikana na kuwa kamba moja, kama wafanyavyo akina mama wanaotengeneza viondo, wanapoviringisha nyuzi za katani juu ya paja. DNA haikusukwa, imesokotwa. Ule niliouita uzi mmoja, ukiutazama kwa karibu, ni kamba ya nyuzi mbili, zimezungukana, na zinaelekea pande kinyume, mmoja ukipanda na mwenzake ukishuka. Uti wa kila uzi, ulio upande wa nje, ni mfuatano wa sukari na fosfeti. Upande wa ndani zimepangwa besi za aina nne ambazo tunazitaja kwa herufi A, T, G na C, na kila besi inashikana na mwenzake aliye upande wa pili: A na T kwa vifungo viwili vya haidrojeni, G na C kwa vifungo vitatu. Kutoka jozi moja hadi inayofuata ni nanomita 0.34, yaani sehemu 0.34 ya bilioni moja ya mita. Mzunguko mmoja kamili una jozi kama 10 na nusu, na upana wa kamba nzima ni nanomita 2. Kwa kuwa A haimkubali mwingine ila T, na G haimkubali ila C, uzi mmoja ukijulikana wa pili umekwisha kujulikana, na hiyo ndiyo njia ambayo seli hupata nakala mbili kutoka kwenye kamba moja kila inapogawanyika.

Msokoto huo una mkono wake. Katika viumbe vyote DNA ya kawaida huzunguka kwa mkono wa kulia, kama hesi za skrubu tunayoikaza kwa kuizungusha kulia. Nimeona bango kwenye ukuta wa zahanati moja, na hata vielelezo katika vitabu, ambamo kamba imechorwa ikizunguka kinyume, na imeniuma, kwa sababu mchoro huo ndio ambao mtoto atauchukua maisha yake yote. Ukitaka kuhakiki, tazama uzi ulio upande wa mbele, ulio karibu na macho yako: kamba ikiwa imesimama wima, uzi huo unatakiwa upande kutoka kushoto kwenda kulia.

Habari za ugunduzi zinajulikana, nami nitazipita upesi, ila kuna jambo moja ambalo halisemwi sana na ambalo linahusu damu. Mtu wa kwanza kuitenga DNA alikuwa Friedrich Miescher, mwaka 1869, katika mji wa Tübingen, Ujerumani, na aliitoa kwenye usaha uliokuwa katika bendeji za wagonjwa. Usaha umejaa chembe nyeupe za damu, na viini vya chembe hizo ndimo alimokikuta kitu ambacho hakikufanana na protini alizozifahamu, akakiita nukleini kwa jina la kiini. Zaidi ya miaka 80 baadaye, mwezi Mei 1952, Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata huko London picha ya eksirei iliyoonyesha alama ya msalaba, na alama hiyo hutokana na kitu kilichosokotwa. James Watson alionyeshwa picha hiyo mwanzoni mwa 1953 pasipo Franklin kujua, na mwezi Aprili mwaka huo yeye na Francis Crick walichapisha muundo tunaoufundisha leo. Tuzo ya Nobel ya 1962 walipewa Watson, Crick na Maurice Wilkins. Franklin alikuwa amefariki mwaka 1958.

Sasa niende kwenye kufungasha, kwa maana hapa ndipo picha ya chembechembe inapotukosesha mambo mengi zaidi. Seli moja ya mwili wa binadamu ina jozi za besi zaidi ya bilioni 6, zilizogawanywa katika kromosomu 46. Ukizinyoosha nyuzi zote 46 na kuzipanga mkia kwa kichwa utapata urefu wa takriban mita 2, na zote zimo ndani ya kiini chenye upana wa mikromita (sehemu ya milioni ya mita) kati ya 6 na 10 hivi. Namba hizi ni ndogo mno kwa akili ya kawaida, kwa hiyo darasani huzikuza mara 100,000. Kamba ya DNA inakuwa na unene wa moja ya tano ya milimita, kama uzi wa cherehani. Mita 2 zinakuwa kilomita 200, ambazo zinatosha kutoka Nairobi hadi Nakuru na bado ukabaki na kilomita kama 40 mkononi. Kiini, tukikichukua kile cha mikromita 6, kinakuwa tufe lenye upana wa sentimita 60, sawa na mdomo wa pipa la maji. Kipande kirefu kuliko vyote, kromosomu ya kwanza, kinakuwa na kilomita 8 na nusu.

Wengi husimama hapo na kustaajabu jinsi uzi huo wote unavyoenea. Mimi huwataka wanafunzi wapige hesabu ya ujazo, na jibu huwashangaza: uzi wa cherehani wa kilomita 200 una ujazo wa lita 6 na kidogo tu, ilhali tufe lile linaingiza zaidi ya lita 110. Nafasi ipo tele. Tatizo la kweli liko kwingine. Fosfeti zilizo utini zina chaji hasi, kwa hiyo uzi hujisukuma wenyewe na haupendi kukaribiana. Kamba yenyewe ni ngumu kupinda kwa vipimo vya ulimwengu wake, na ni ndefu kiasi cha kujifunga mafundo wakati wowote. Zaidi ya hayo, uzi huu haukuwekwa stoo. Unasomwa mchana na usiku, sehemu hii sasa na sehemu ile baadaye, na kabla ya seli kugawanyika sharti unakiliwe wote na nakala zitenganishwe bila kukatika. Aliyewahi kusokota kamba anajua kwamba ukizidisha msokoto kamba hujikunja juu yake yenyewe na kufanya vifundo, na ndivyo inavyoitokea DNA kila inapofunguliwa ili isomwe. Seli hujiokoa kwa vimeng'enya viitwavyo topoisomerasi, ambavyo hukata uzi, huacha msokoto ulegee au kamba nyingine ipite, kisha huunga pale palipokatwa. Baadhi ya dawa za saratani, kama doksorubisini na etoposidi, hufanya kazi kwa kukiziba kimeng'enya hicho kikiwa kimekwisha kukata na kabla hakijaunga.

Kinachoutuliza uzi na kuupa mpango ni protini zinazoitwa histoni, ambazo Albrecht Kossel wa Ujerumani alizigundua mwaka 1884. Histoni zimejaa asidi amino (vijenzi vya protini) zenye chaji chanya, lisini na arginini, kwa hiyo zinavutana na uzi wenye chaji hasi. Nane kati yake, mbili mbili za aina nne, hushikana na kufanya kibonge kimoja, na uzi wa jozi 147 hukizunguka kibonge hicho mara 1 na karibu robo tatu. Kifurushi hicho ndicho nyukleosomu. Kisha uzi huachwa wazi kwa masafa mafupi, halafu unazunguka kibonge kingine, na kingine tena, hadi mwisho wa kromosomu, huku histoni ya tano ikibana mahali uzi unapoingia na kutoka. Ada Olins na Donald Olins walivionyesha vifurushi hivi kwa hadubini ya elektroni mwaka 1974, na mwaka huo huo Roger Kornberg akaeleza jinsi vilivyojengwa. Seli moja ya binadamu ina vifurushi kama milioni 30.

Vitabu hulinganisha mpangilio huu na shanga zilizotungwa kwenye uzi. Mfano huo ni mzuri kwa macho, lakini unapotosha, kwa kuwa uzi haupiti ndani ya ushanga bali huuzunguka ushanga kwa nje, kama uzi wa fundi cherehani unavyozungushwa kwenye kigurudumu chake. Tofauti hiyo ndiyo inayowezesha kila kitu kinachofuata. Uzi uliopita ndani ya tundu hauwezi kutoka mpaka ukatwe, lakini uzi uliozungushwa kwa nje unaweza kulegezwa, ukasomwa, ukarudishwa.

Kuna jambo kuhusu histoni ambalo siachi kulirudia kila mwaka. Mwaka 1969 wanasayansi walilinganisha histoni ya aina ya nne ya ng'ombe na ile ya njegere. Protini hiyo ina asidi amino 102, na kati ya mnyama yule na mmea ule tofauti zilikuwa mahali pawili tu. Ng'ombe na njegere walitengana zamani zisizokadirika kwa akili ya kawaida, miili yao haifanani kwa lolote, lakini kibonge ambacho wote wawili wanazungushia uzi wao kimebaki kile kile. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kufungasha si jambo la pembeni, kwa kuwa karibu kila badiliko lililoigusa protini hiyo lilimgharimu kiumbe uhai wake na halikurithiwa.

Niongeze masahihisho ambayo yananihusu hata mimi. Kwa miaka mingi nilifundisha, kama nilivyofundishwa, kwamba vifurushi hivyo hujipanga kwa utaratibu mzuri na kufanya kamba nene ya nanomita 30, kisha kamba hiyo nayo ikajikunja kuwa nene zaidi, ngazi juu ya ngazi. Kamba hiyo ilikuwa imeonekana katika DNA iliyotolewa nje ya seli. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Salk huko California walibuni njia ya kuitazama DNA ikiwa mahali pake ndani ya kiini, na walichokiona ni mnyororo usio na umbo moja, wenye unene unaobadilika kati ya nanomita 5 na 24, uliosongamana zaidi hapa na kulegea zaidi pale. Mpango upo, ila si wa ngazi. Ni mpango wa vitanzi. Protini zenye umbo la pete huushika uzi na kuuvuta ndani yake, kitanzi kikikua hadi kizuiwe. Mwaka 2018 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliitazama moja ya protini hizo, kondensini, ikikivuta kitanzi mbele ya macho yao. Seli inapojiandaa kugawanyika vitanzi hivyo hubanwa sana hata uzi wa kromosomu ya kwanza, wenye sentimita 8 na nusu, ukawa kijiti cha mikromita chache, na hapo ndipo tunapopata zile kromosomu nene zinazochorwa vitabuni kama herufi X. Muda mwingi wa maisha yake, kromosomu haina sura hiyo hata kidogo.

Mwaka juzi msichana mmoja aliniuliza swali ambalo nilitamani kila msomaji wako alisikie. Alisema: "Mwalimu, kama uzi ulio kwenye jicho langu ndio ule ule ulio kwenye ini langu, jicho linajuaje kwamba si ini?" Jibu liko kwenye mikunjo. Sehemu za uzi ambazo seli haizihitaji hukazwa na kusongamanishwa, aghalabu pembezoni mwa kiini, na mitambo ya kusoma haizifikii kwa urahisi. Sehemu zinazohitajika hulegezwa. Histoni zina mikia inayochomoza nje ya kibonge, na mikia hiyo hutiwa alama za kikemia: alama ya asetili hupunguza chaji chanya na kulegeza mshiko, na alama fulani za methili huita protini zinazokaza. Ini na jicho zina maandishi yale yale, lakini kila moja imefungua kurasa zake.

Mfano mzuri kuliko wote tunaupata barabarani, kwa paka wa rangi tatu wanaozurura karibu na bucha zetu. Karibu wote ni majike. Jeni, yaani sehemu ya uzi yenye agizo moja, ya rangi ya machungwa iko kwenye kromosomu X, na jike ana X mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mary Lyon wa Uingereza alieleza mwaka 1961 kwamba mapema tumboni kila seli ya jike hukaza X moja na kuinyamazisha, bila kuchagua ni ipi, na seli zote zinazozaliwa kutokana nayo hufuata uamuzi huo. Jike aliyerithi rangi ya machungwa upande mmoja na nyeusi upande mwingine atakuwa na mabaka ya machungwa mahali ilipokazwa X ya nyeusi, na mabaka meusi mahali ilipokazwa ile nyingine, huku weupe ukiletwa na jeni iliyo kwenye kromosomu tofauti. Ile X iliyokazwa huonekana kwa hadubini kama doa kwenye kiini, na Murray Barr wa Kanada aliliona doa hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1949, tena katika seli za neva za paka. Karibu wanawake wote wanalo. Kwa paka, mikunjo ya DNA imeandikwa manyoyani, na mtoto yeyote wa Nairobi anaweza kuisoma akiwa njiani kwenda shule.

Ipo sababu nyingine ya kusema haya, na hii inanigusa zaidi, kwa kuwa nimefundisha watoto waliokosa vipindi wiki nzima kwa maumivu ya selimundu. Ugonjwa huu, unaozisumbua sana familia za Nyanza, za Magharibi na za Pwani, na kwa hiyo familia nyingi zilizohamia Nairobi, hutokana na herufi moja: A imekuwa T katika jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni katika damu, iliyo kwenye kromosomu ya 11. Lakini mtoto mwenye selimundu kwa kawaida haonyeshi dalili katika miezi yake ya mwanzo. Tumboni alitumia himoglobini nyingine, ya kitoto, ambayo jeni zake ziko jirani kabisa kwenye uzi ule ule. Eneo la uzi linaloziamsha jeni hizi liko mbali kidogo nazo na huletwa karibu kwa kitanzi. Kabla ya kuzaliwa kitanzi hukutana na jeni za kitoto, kisha taratibu huhamia kwenye ile ya mtu mzima, na jeni za kitoto hunyamazishwa kwa msaada wa protini iitwayo BCL11A. Jeni iliyo nzima haikupotea. Imefungwa.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha matibabu ambayo seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, kipande cha uzi ambacho seli za damu zinakitegemea kutengeneza BCL11A huharibiwa kwa makusudi, kisha seli hurudishwa mwilini. Herufi iliyokosewa haiguswi. Kinachofanyika ni kuondoa kufuli, ili himoglobini ya kitoto irudi kazini. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kwa bei hiyo hakuna mzazi ninayemfahamu anayeweza kuifikia. Lakini haidroksiyurea, kidonge kinachomezwa kila siku na ambacho wagonjwa wetu wengi wanakijua, nayo huongeza himoglobini ya kitoto. Mzazi aliyeelezwa kwamba mtoto wake ana "chembechembe mbovu" hawezi kuelewa kidonge hicho kinafanya nini. Aliyeelezwa habari za uzi na kufuli anaweza, na anayeelewa dawa huimeza bila kuruka siku.

Nirudi kwenye habari za mahakama, nilikoanzia. Chembe nyekundu za damu zilizokomaa, kwa binadamu, hazina kiini, kwa hiyo hazina uzi huu. Katika milimita moja ya ujazo wa damu mna chembe nyekundu kama milioni 5, na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000, na ni hizi nyeupe, kama zile za Miescher, ambazo maabara huzitegemea. Kinachotakiwa ni seli zenye kiini, na za shavuni nazo zinacho; ndiyo sababu pamba iliyopanguswa ndani ya shavu hutosha kabisa, na hakuna haja ya wananchi kuamini kwamba bila damu hakuna ukweli. Maabara haisomi uzi wote. Hutazama mahali kama 20 ambapo kifungu kifupi, mara nyingi cha herufi 4, kimerudiwarudiwa, na huhesabu kimerudiwa mara ngapi. Mtoto hupata hesabu moja kwa mama na moja kwa baba katika kila mahali, na ulinganisho huo ndio unaokwenda mbele ya hakimu. Pale mifupa imekaa sana na uzi wa kiini umekatikakatika, wataalamu hugeukia uzi mdogo wa duara ulio kwenye mitokondria, vile viungo vya seli vinavyozalisha nishati nje ya kiini, wenye jozi 16,569, ambao hurithiwa kwa mama peke yake na ambao kila seli ina nakala nyingi. Uzi huo unaweza kuonyesha ukoo wa mama, lakini hauwezi kumtaja baba, na tofauti hiyo yafaa iandikwe wazi kila habari ya aina hii inapochapishwa, kwa maana kuna familia zinazoisubiri kwa uchungu.

Ombi langu, basi, ni kwamba wahariri wako waache kuandika chembechembe za DNA. Pakiwa na haja ya kutaja kilichochukuliwa, iandikwe sampuli ya mate, ya damu au ya mfupa, na pakiwa na haja ya kutaja DNA yenyewe, mimi napendekeza uzi wa nasaba, ingawa nitafurahi wataalamu wa lugha wakipata neno bora. Na mchoraji wako anapoichora, aizungushe kwa mkono wa kulia.

Mwandishi wako wa habari za sayansi akipenda kuuona uzi wenyewe, wanafunzi wangu watautoa mbele yake muhula ujao tutakapofika mada hii. Ndizi, chumvi na sabuni tutakuwa navyo, na spiriti itakuwa kwenye friji tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa bayolojia,
Eastlands, Nairobi